Naombeni ushauri: wageni wanne, siku tatu Kilwa, nianzie wapi?

Asali ya Sikonge:
Wakuu, habari za usiku. Nina wageni wanne wanaingia wiki ijayo, wanataka kuona mambo ya kale. Nimewapangia Kilwa siku tatu, lakini usingizi sipati. Nianzie Kisiwani au Kivinje? Matusi hapana, tafadhali.

Mkwezi Mvivu:
Mkuu, Kilwa ya nini? Wapeleke Bagamoyo. Kaole kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, mjini kuna Ngome Kongwe, na kuna misheni ya mwaka 1868 ambako mwili wa Livingstone ulilazwa 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Jioni mnakula pweza, usiku umelala kwako.

Asali ya Sikonge:
Asante, ila nimeuliza Kilwa.

Dada Chuma:
Kilwa nilienda 2017 na aliyekuwa mume wangu. Tulichelewa kurudi, maji yakawa yamekupwa, boti ikakwama mbali na ufukwe. Tukashuka kwenye tope, yeye akatangulia na viatu vyake mkononi, hata kugeuka hakugeuka. Nikajisemea, huyu sina naye maisha. Msikiti lakini ni mzuri jamani.

Mzee wa Somanga:
Mwanangu, lala Kilwa Masoko, mji wa bara. Kibali cha kuingia magofuni kinakatwa hapo hapo, usivuke bila nacho. Muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi, mvuke asubuhi. Anza na Gereza, ngome waliyoianza Wareno 1505, ingawa unachokiona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waarabu wa Omani. Kisha Msikiti Mkuu, ule wa makuba. Jua likipungua ndiyo uende Husuni Kubwa kule juu ya mwamba: jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lenye vyumba zaidi ya mia na bwawa la pembe nane. Msafiri Ibn Battuta alifika 1331 akamkuta sultani huyo. Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, weka siku ya pili, Kivinje ya tatu.
Sasa niambie, wageni wenyewe ni nani? Na wewe umefika mara ngapi?

Asali ya Sikonge:
Shukrani mzee. Kilwa naijua vizuri tu, nimepita sana. Wageni ni wa kawaida. Kitu kimoja: daraja la kwenda Kisiwani linaruhusu Coaster?

Mkwezi Mvivu:
😂😂😂 Daraja!

Dada Chuma:
Ningelijua hilo daraja, ndoa yangu ingepona.

Mzee wa Somanga:
Kile ni kisiwa, mwanangu. Sema ukweli tukusaidie.

Asali ya Sikonge:
Basi wakuu, nitasema. Sijawahi kufika. Mimi ni wa Tabora. Wageni ni familia kutoka Muscat, nimewaambia babu yangu ni wa Kivinje na ninaongoza watu kila mwezi. Nusu ya malipo nimeshapokea, milioni moja na laki mbili, imeingia kwenye kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Shida yenyewe wanakuja na bibi yao, amezaliwa Kivinje, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Ila msinihukumu, wangapi mjini hapa wanaongoza wageni kwa kusoma mtandaoni? Coaster nimeshaiwekea oda.

Mwalimu Mstaafu:
Kuongoza wageni kunataka leseni. Rudisha fedha za watu. Dhambi haina ada ya shule.

Mkwezi Mvivu:
Mkuu, bibi akuongoze wewe, nusu iliyobaki abaki nayo.

Kipima Joto:
Hii chai, tena ya tangawizi. Mtu anayejiita Asali ya Sikonge awadanganye Waomani kwamba ni wa Kivinje, wamwamini? Mwezi jana huyu alifungua uzi wa kukodisha Coaster. Ana kampuni, anataka mzee ampangie safari bure. Mods, fungeni uzi.

Dada Chuma:
Nimeupitia huo uzi. Ni kweli alikuwa anakodisha.

Asali ya Sikonge:
Coaster ni ya shemeji, nilimpigia debe tu! Kama ni chai mbona ninatetemeka? Leo bibi amenitumia ujumbe wa sauti, anauliza Mwembe Kinyonga upo bado. Nikamjibu upo bibi, na mwaka huu umezaa sana.

Mzee wa Somanga:
Ewe mtoto. Mwembe Kinyonga ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Mti wenyewe haupo, pale pana mnara wa kumbukumbu. Umemwahidi mwanamke wa Kivinje maembe ya pale?

Mkwezi Mvivu:
Nimefunga simu, nimefungua tena.

Kipima Joto:
Bado ni chai. Ila endelea.

Mzee wa Somanga:
Chai au si chai, bibi akiwepo atashuka Kivinje anauliza mwembe. Mpigie usiku huu umwambie ulikosea. Kisha Masoko tafuta kijana mwenye leseni, yeye aongee, wewe ubebe mabegi.

Asali ya Sikonge:
Kupiga nitapiga kesho, leo wamelala. Mzee, huyo kijana anachukua kiasi gani kwa siku tatu? Nimebakiwa na laki moja na nusu, na mafuta bado.

Mkwezi Mvivu:
Bagamoyo bado ipo pale pale.