Naomba ushauri: ndege na vipepeo adimu kwa siku moja

Habari zenu wakuu. Nina siku moja tu ya kutafuta ndege na vipepeo adimu kiangazi hiki, na ratiba zao zinanichanganya. Ndege huimba alfajiri, jua likishakuwa kali hunyamaza. Vipepeo nao hawaruki mpaka jua liwapashe misuli ya mabawa. Safari iliyopita nilifika saa 4 asubuhi, ndege nikawakosa kabisa. Je, nianzie msituni kungali giza kisha nihamie penye maua, au nivizie kwenye tope, maana vipepeo madume hushuka hapo kufyonza chumvi? Halafu darubini yangu ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42) haioni vizuri kitu kilicho chini ya mita 3 kutoka kwangu. Kipepeo akitua mnamtazama kwa kifaa gani? Wavu sitaki, nawaonea huruma.