Yadi waliyoniuzia gari wananizungusha, niwabane wao au niende kwa fundi wa nje?

Kipepeo Mweusi
Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri, hata usingizi siupati.

Nilinunua gari yadi. Mtumba, ila niliapiwa ni safi, mmiliki mmoja, kilomita chache, na waranti ya miezi mitatu kwa injini na giaboksi. Mwanzoni ilikuwa tamu. Sasa nikiondoka kwenye mataa inatetemeka, na ikifika gia ya tatu inashtuka kama imegongwa kwa nyuma. Taa ya injini nayo ikawaka. Nikaipeleka gereji yao, wakafanya "sevisi", taa ikazima, haikuchukua muda ikarudi. Nikawarudia. Safari hii wakanikabidhi orodha: chujio la hewa, plagi, oili ya breki, dawa ya kusafishia injini. Giaboksi haimo kabisa! Kuuliza naambiwa "gari za aina hii ndivyo zilivyo, utazoea".

Swali langu ni moja tu. Niendelee nao, au niende kwa fundi wa nje? Nikienda nje waranti si inakufa?

Dereva Mstaafu
Kijana, siku ya kununua ulienda na fundi? Kizazi chenu mnanunua gari kwa picha, rangi ikiwaka mmeshatoa hela. Sisi tulikuwa tunalala chini ya gari kwanza ndiyo tunauliza bei.

Mama Chesi
Hao watu wa orodha nawafahamu vizuri. Kuna gereji walikuwa wananibadilishia chujio la hewa kila nikienda. Siku moja nikalipaka rangi ya kucha pembeni kabla sijawapelekea gari. Bili ikaja imeandikwa "chujio jipya". Nikamwambia kijana fungua boneti, toa hilo chujio. Rangi yangu nyekundu hii hapa! Yule kijana aliangalia juu kama anatafuta mvua. Tangu hapo spea ya zamani nakabidhiwa mkononi, hata kama ni ya kutupa.

Wakili wa Kijiweni
Mkuu, usiogope fundi wa nje. Marekani kuna sheria ya waranti ya 1975, Magnuson-Moss, muuzaji haruhusiwi kukunyima waranti eti kwa sababu tu umefanya sevisi kwingine. Uingereza sheria yao ya 2015 inakupa siku 30 za kurudisha kitu kibovu ukarudishiwa hela yako, gari likiwemo.

Kinyozi Mkavu
Wakili, mwenzio anashtuliwa na giaboksi wewe unamkatia tiketi ya London 😂

Wakili wa Kijiweni
Nimetoa mfano. Asome karatasi yake ya waranti na sheria ya anapoishi.

Mzee wa Spana
Tuongee ufundi. Giaboksi ni ya aina gani? Kama ni CVT, ile giaboksi ya auto isiyo na gia za hatua kwa hatua, hiyo ina oili yake. Ndani kuna mkanda au cheni ya chuma inayoshikwa na puli mbili, na ile oili ndiyo inayofanya vishikane bila kulana. Fundi akimimina haidroliki ya kawaida ya auto, mkanda unaanza kuteleza, gari inatetemeka hasa kwenye mwendo mdogo. Kwenye hiyo "sevisi" yao waliweka oili gani? Na waranti imeandikwaje? Weka picha hapa.

Kipepeo Mweusi
Ni CVT mkuu. Oili sijui. Karatasi ya waranti sinayo kwa sasa, ipo kwa shemeji.

Mzee wa Spana
Shemeji amefikaje kwenye waranti yako?

Mama Chesi
Ehee. Sema.

Kipepeo Mweusi
Sikuona kama ina umuhimu. Aliyeniuzia ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, yuko mauzo pale yadi. Karatasi alisema atanitunzia faili.

Na kwa kuwa mnauliza, kuna wazo kanipa. Hii niirudishe, waithamini, nichukue nyingine kubwa na mpya zaidi, naongeza kidogo tu kwa mwezi. Mimi naona limekaa vizuri. Familia imeongezeka, hii ilishakuwa ndogo.

Kinyozi Mkavu
Kikulacho ki nguoni mwako, na sasa kinataka kukuuzia nguo nyingine.

Mzee wa Spana
"Kidogo kwa mwezi" kwa miezi mingapi? Hiyo mbinu ina umri kuliko wewe. Wanakukalisha kwenye malipo ya mwezi ili usiulize bei nzima. Wanapandisha thamani ya gari lako unafurahi, kumbe wameipandishia kwenye lile jipya, au wamerefusha mkopo. Bei nzima ya lile kubwa unaijua?

Kipepeo Mweusi
Bei nzima tutaongea. Wakuu, shemeji hawezi kunitupa, anakula nyumbani kwangu. Mnamhukumu mtu hamumjui.

Dereva Mstaafu
Biashara na ndugu wa mke, fanya ukiwa na shahidi. Mimi niliuziwa pikipiki na baba mkwe. Mpaka leo nikienda kusalimia nashuka kwa miguu kona ya mbali, maana akiiona atauliza inaendeleaje.

Mpimaji
Wakuu, mnakunywa chai. Rudini juu msome. Jamaa anasema "ikifika gia ya tatu inashtuka", halafu anasema giaboksi ni CVT. CVT haina gia ya tatu! Haina hata ya pili. Kakaa ofisini hana kazi, katunga, na shemeji kamleta baada ya kuona uzi unapoa.

Kinyozi Mkavu
Duh. Na mimi nilishaanza kumhurumia.

Mama Chesi
Nilijiuliza pia, mtu gani anampa shemeji amtunzie waranti?

Kipepeo Mweusi
Mpimaji nitunge ili nipate nini? Kwenye dashibodi inaandika namba. 1, 2, 3. Nimeandika ninachokiona.

Mzee wa Spana
Mpimaji punguza. CVT nyingi zimewekewa hatua za kuigiza kwenye programu, dereva aone kama gia zinabadilika. Kwa hiyo "ya tatu" inawezekana kabisa kuonekana pale.

Mpimaji
Inawezekana. Basi tumpime. Atafute mtu mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari, asiishie kwenye misimbo ya hitilafu. Aangalie ile orodha ya vipimo ambavyo gari inajifanyia yenyewe, kimoja kimoja, kama vimekamilika au bado. Alete picha.

Kinyozi Mkavu
Kompyuta ya gari nayo si shahidi wa kuaminika. Volkswagen za dizeli ziliumbuka 2015, kumbe zilikuwa zinajua zinapimwa moshi, zinatulia kama mtoto mbele ya mgeni.

Kipepeo Mweusi
Nimerudi. Jana jioni gereji walinizimia taa tena, nimetoka kupima kwa fundi mwingine sasa hivi. Picha hiyo hapo. Msimbo wa hitilafu hakuna, ila vipimo karibu vyote vinasema "bado".

Mpimaji
Hmm. Sawa, gari lipo.

Mzee wa Spana
Maana yake wamefuta msimbo, na kufuta si kutengeneza. Ukifuta, vile vipimo vinaanza upya mpaka gari itembee ya kutosha, ndiyo maana taa ikirudi unadhani ni tatizo jipya. Sasa sikiliza. Usiende kulalamika kwa mdomo tena. Andika: inatetemeka kwenye mwendo mdogo, taa imerudi baada ya kuzimwa, naomba ikaguliwe giaboksi na niambiwe imewekwa oili gani. Nakala mbili, yako wagonge muhuri na tarehe. Waranti inaisha lini?

Kipepeo Mweusi
Ijumaa.

Mama Chesi
Na shemeji anataka mbadilishane lini?

Kipepeo Mweusi
Alisema tusivuke Alhamisi, eti kuna ofa.

Wakili wa Kijiweni
Ukishabadilishana, gari si lako na dai la giaboksi si lako. Wataliosha wamuuzie mwingine. Peleka barua kesho asubuhi wakifungua tu, na karatasi yako ichukue leo hii hii.

Kipepeo Mweusi
Sawa wakuu, barua napeleka. Ila kuna kitu sijasema. Kianzio cha lile kubwa nilishampa shemeji. Kitarudi?

Mzee wa Spana
Risiti inasemaje?

Kipepeo Mweusi
Risiti hakunipa. Alinitumia meseji ya asante.