Wale warusha vindege wa barabara ya TPC, Moshi: chama chao kiliishia wapi?

Pasua_Kwetu:
Wakuu, heshima kwenu. Nimekulia Pasua. Nikiwa shule ya msingi kulikuwa na wazee wanakusanyika Jumapili asubuhi kwenye uwanja mtupu ukielekea TPC, kule kwenye mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari, wanarusha ndege ndogo za rimoti. Si hizi droni za harusini. Zilikuwa na mabawa, zinanguruma, na zikitua zimelowa mafuta tumboni mpaka zinateleza mkononi. Sisi watoto tulikuwa tunafukuzwa tusivuke kamba. Miaka ikaenda, siku moja hawapo. Kilikuwa chama cha nani, na kilikufaje? Mjomba wangu anasema kilikuwa cha wazungu, walipoondoka wakaondoka nacho. Mimi mbona nakumbuka mafundi wa mjini pale?

Kiboriloni_Mkongwe:
Mjomba wako kapatia nusu. Wazungu walikuwepo, Wahindi wa madukani walikuwepo, na alikuwepo fundi redio wa karibu na stendi na seremala wa Majengo, na hao wawili ndio waliokuwa wanatengeneza za wote. Jina hatukuwahi kuwa nalo, wala katiba. Tulikuwa na ubao.

Ubao wenyewe ulikuwa hivi. Redio zetu, yaani zile rimoti, zilikuwa za megahezi 27, na humo kuna nafasi sita, kila moja na rangi yake: kahawia, nyekundu, chungwa, njano, kijani, bluu. Unachomeka kristali ya rangi yako, kidude kinachopanga masafa, ndani ya redio, na kwenye ncha ya antena unafunga utepe wa rangi hiyo hiyo ili wenzako waone. Wawili wakiwasha nyekundu kwa pamoja, ndege iliyo hewani inapokea amri za wote wawili, na hapo haina rubani tena. Kwa hiyo ukifika hugusi swichi. Unakwenda kwenye ubao, unachukua kibanio cha nguo chenye rangi yako. Hakipo? Kaa, kunywa chai, msubiri mwenzako atue.

Mgeni mmoja aliwasha redio yake akiwa bado ndani ya gari, hajauliza mtu. Ndege ya seremala, mbao nyepesi ya balsa tupu, kazi ya miezi, ikapiga pua chini hadi kwenye miwa. Seremala hakutukana. Aliingia kwenye miwa, akatoka na injini mkononi, akaipuliza mchanga, akamwambia yule bwana: Jumapili ijayo uje na kristali ya kijani.

Kingine kilichotukusanya ni mafuta. Injini zile hazinywi petroli, zinakunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Plagi yake haina waya kama ya pikipiki. Ina koili ndogo ya platini, unaipasha kwa betri ya volti moja na nusu, injini ikishika unatoa betri na koili inaendelea kuwaka yenyewe kwa ile methanoli. Plagi hizo alizileta sokoni Ray Arden wa Marekani mwaka 1947, na kwetu zilikuwa zinatunzwa kama pete za ndoa. Methanoli huuziwi glasi, kwa hiyo tulichanga dumu tukagawana. Nyonyo tulinunua duka la dawa, na nadhani muuzaji aliamini ukoo wetu mzima umefunga choo.

Bawa halikupigwa gundi wala skrubu. Lilifungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ili ndege ikianguka bawa lichomoke badala ya kuvunjika.

Sasa, kufa kwake. Katikati ya miaka ya 2000 zikaanza kuja redio za gigahezi 2.4. Hizi kila risiva, kile kipokezi cha ndani ya ndege, inamjua bosi wake mmoja, wengine wawashe watakavyo. Betri za lithiamu nazo zikawa zinainua ndege bila tone la mafuta. Ubao ukakosa kazi, dumu likakosa kazi, kila mtu akarusha nyuma ya kwake. Wazungu kuondoka tulishazoea. Mkataba wa mmoja ukiisha anaacha redio yake, chama kinaendelea.

Njiro_Anga:
Shikamoo mzee. Sisi huku Arusha tunarusha za umeme, tunakata zile fomu nyeupe nyepesi za kwenye maboksi ya TV. Kwa wanaotaka kuanza: hewa ya huku ni nyepesi. Moshi mjini ni mita 800 na kitu, Arusha 1,400 hivi, na hapo umeshapoteza kama asilimia 13 ya uzito wa hewa ya pwani. Ndege iliyopaa vizuri Moshi, huku inakimbia mpaka uwanja unaisha. Weka propela kubwa kidogo. Na Kisongo msisogee, ule ni uwanja wa ndege za watu.

Ila mzee, nakupinga kidogo. Bei ndiyo iliyoua.

Kiboriloni_Mkongwe:
Marahaba. Bei ilikuwa mbaya zaidi enzi zetu, mwanangu. Redio moja tulitumia watu watatu, na ndiyo maana hatukuweza kununiana! Kwenye hewa umesema kweli. Wenzetu wa Arusha wakishuka huku, kazi ya kwanza ilikuwa kufungua sindano ya mafuta kidogo, maana hewa nzito inataka mafuta zaidi. Asiyefungua, injini ilichemka ikamzimikia hewani.

Rau_Dada:
Mama yangu aliwauzia maandazi hao wazee, walikuwa na madeni! Kuna ruhusa kweli siku hizi, au mtatiwa ndani?

Njiro_Anga:
Dada, vyombo visivyo na rubani ndani vina utaratibu wake TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Waulizeni kwanza, hata kama chenu ni cha fomu. Na mlimani ndani ya hifadhi ni kibali kingine kabisa.

Pasua_Kwetu:
Asanteni sana. Mzee, nina vijana wawili wa ufundi umeme wanataka kujifunza. Ule uwanja bado upo?

Kiboriloni_Mkongwe:
Umejengwa nyumba. Nina shamba la kaka yangu huko chini, halina nguzo za umeme. Malizaneni na TCAA, kisha waje na fomu, gundi wataikuta. Wafike mapema, ikipita saa nne upepo unaanza, na wasimame jua likiwa mgongoni. Mama yake Rau_Dada mwambieni deni la maandazi nalikumbuka, lakini si langu peke yangu.