Viporo tucheze na kompyuta ya Legendary au World Class?

Kamishna wa Ligi
Wadau salaam. Msimu uliopita wa ligi yetu ya gemu ya mpira, kati ya mechi 132 tulibaki na viporo 19, watu hawatokei saa ya mechi, ligi ikasimama wiki mbili nzima. Msimu huu asiyetokea ndani ya dakika 20, mwenzake anacheza na kompyuta iliyoshika timu yake, anarekodi video anatuma kwenye grupu. Swali langu ni leveli ya ugumu tu, World Class au Legendary iliyo ngumu zaidi. Tulipojaribu World Class watu walikuwa wanashinda saba bila, tofauti ya magoli ikaharibika kabisa. Mimi nasema Legendary, dakika 6 kila kipindi, spidi Normal, slaida zote (vile vipimo vya kupandisha na kushusha uwezo wa wachezaji) zibaki 50. Leteni hoja.

Mzee wa Krosi
Kamishna hapo unamwadhibu aliyefika. Mimi natoka kazini saa moja, naoga, nakaa na pedi saa mbili kamili kama ratiba inavyosema, halafu mwenzangu hayupo, na mimi ndo nikapambane na Legendary? Ile kompyuta ikishaongoza moja inapigiana pasi huko nyuma unaikimbiza mpaka kidole gumba kinakufa ganzi. World Class ibaki. Na wanaoshabikia Legendary humu tunawajua, ni walewale wakifungwa tatu umeme unakatika.

Binti Tanga
Mzee wa Krosi taja jina usizunguke. Mechi iliyokatika dakika ya 71 nikiwa nimefungwa tatu ni yangu mimi, na umeme ulikatika mtaa mzima, nikatuma picha palepale, mshumaa uko kwenye kisosi na pedi pembeni taa yake bado inawaka. Na pointi tatu nikakupa bila kubishana. Leo unanifanya mwizi mbele ya watu?

Nyali Kid
Dadangu hiyo picha niliiona lakini mshumaa unawashwa hata kama stima iko. Mimi sisemi ulizima, nasema picha si ushahidi. Ungetuma video unabonyeza swichi ya taa.

Binti Tanga
Nyali wewe ulikuwepo? Simu ilikuwa na chaji asilimia nne, nikaona bora nitumie picha kuliko nikae kimya. Mbona Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ya Tanzania na Kenya ikawa ya kobe, wewe viporo vyako vilisogezwa vyote na hakuna aliyekudai video ya waya?

Nyali Kid
Ile ilitangazwa kwenye taarifa ya habari bana, kila mtu alijua. Usilinganishe.

Mswahili wa Muscat
Ndugu zanguni mie leveli hainisumbui, kinachonisumbua ni Legacy Defending, ule ukabaji wa zamani. Mtu anabana kitufe kimoja, beki anamfuata mshambuliaji mwenyewe na kumnyang'anya, yeye anakunywa chai. Tangu toleo la FIFA 12 mwaka 2011 watengenezaji wa gemu walileta Tactical ili mtu ajifunze kukaba kwa kusubiri na kupima hatua, na mechi zao za ushindani za mtandaoni Legacy hawaikubali. Sisi twaikubali kwa nini? Ukicheza na kompyuta kwa Legacy hata hiyo Legendary wala si kitu, mabeki wanakufanyia kazi yote.

Mzee wa Krosi
Sasa hilo la Legacy limeingiaje, au kwa sababu ndo ninayotumia mimi? Nina miaka 43 yakhe, nimeanza na gemu ya mpira ya PES kwenye PS2, vidole vyangu ndo vilivyo. Nikicheza na Binti Tanga nilimfunga tatu kwa krosi, sikumfunga kwa ulinzi.

Kipa Mweupe
Jamani hata mkiweka Legendary hiyo gemu ina upendeleo wake. Ukiongoza moja bila dakika ya 85 kipa wako anageuka kuwa mbao. Imepangwa ile.

Fundi Slaida
Kipa hiyo ya kupangwa ilifika hadi mahakamani Marekani, California, Novemba 2020, wachezaji wakidai gemu inabadilisha ugumu katikati ya mechi kule Ultimate Team, sehemu ya kujenga timu yako kwa kadi za wachezaji. Mwaka 2021 wakaondoa kesi wenyewe baada ya EA, kampuni ya gemu, kuwaonyesha inavyofanya kazi. Kwa hiyo kipa wako ni wewe ulimtoa golini mapema, nimeiona ile video. Turudi kwa Kamishna. Legendary iwe hivyo hivyo, ila upande wa kompyuta kosa la pasi tupandishe toka 50 mpaka 60. Itapoteza mipira kama binadamu, Mzee hatakimbiza hewa, na saba bila hazitakuwepo maana mbele bado ina meno. Nimecheza hivyo mechi tano na timu ya kati, nimeshinda mbili, sare moja, nimefungwa mbili. Hiyo ndo haki ninayoiona mimi.

Nyali Kid
Na nani atakagua slaida? Kila mtu iko kwake nyumbani.

Fundi Slaida
Video inaanzia kwenye ukurasa wa mipangilio, unashuka polepole slaida moja moja, ndipo unaingia uwanjani bila kukata. Ikikatwa, kiporo kinafutwa.

Kamishna wa Ligi
Wazo la Fundi nimelipenda. Naomba kura, 60 au ibaki 50. Na tuache ya mshumaa.

Binti Tanga
Kamishna sipigi kura mpaka nisafishwe. Mzee wa Krosi, Jumamosi saa tatu usiku, tucheze zile dakika 19 zilizobaki. Unaanza ukiwa na tatu zako. Timu zilezile, Legacy marufuku kwa wote wawili. Betri ya akiba nimeshaazima kwa shemeji, inakaa saa mbili.

Mzee wa Krosi
Legacy niachie, nije.

Binti Tanga
Hapana.

Mzee wa Krosi
Basi Jumapili, nipe siku moja nikafanye mazoezi ya hiyo Tactical.

Mswahili wa Muscat
Mzee njoo leo usiku nikufundishe, mwanangu yuko macho hadi saa sita. Spidi Normal au Slow?