Msaada wa fiziolojia: urea ni taka, kwa nini figo inairudisha?

Kada_Mtarajiwa:
Wakuu, habari za jioni. Nasoma utabibu mwaka wa pili, na figo ndiyo imenipa sapu. Jumatatu ijayo narudi kwenye chumba cha mtihani.

Habari ya kuchuja naielewa. Kila figo ina nefroni, yaani vichujio vidogo na mirija yake, kama milioni moja, zote mbili zinachuja lita 180 hivi kwa siku, na mkojo unaotoka ni lita moja hadi mbili. Swali lililoniangusha lilitaka nieleze urea inavyosaidia mwili kuhifadhi maji. Nikaandika kuwa urea ni taka, inatolewa, basi. Nikapata sifuri. Sasa kwenye daftari nakuta urea inatoka kwenye mrija na kurudi ndani ya figo. Taka inarudishwa ya nini? Na kwa nini sehemu moja chumvi ipite halafu maji yakataliwe? Kitanzi cha Henle, ile sehemu ya mrija inayoshuka na kupanda kama herufi U, nakichora nikiwa nimefumba macho, ila sikielewi. Naombeni msaada, nyumbani hawana ada ya kunirudisha mwaka.

Nesi_wa_Zamu:
Pole mdogo wangu. Weka mchoro pembeni, nenda jikoni. Kata kitunguu cha kachumbari, kinyunyizie chumvi, kiache kidogo. Ukirudi utakuta maji chini ya bakuli, na hakuna aliyekikamua. Figo inafanya hivyohivyo: inakoleza chumvi sehemu yake ya ndani, medula, kisha inaupitisha mrija wa mkojo katikati ya ukolevu huo.

Jembe79:
Mimi nijuavyo figo ina pampu za kuyarudisha maji kwenye damu, ndiyo maana inakula nguvu nyingi.

Mwl_Fizio:
Hapana mkuu Jembe, na hapo ndipo wengi wanapoteza alama. Inayosukumwa ni sodiamu, na nguvu nyingi ya figo inaishia huko. Maji hayana pampu, yanafuata ukolevu, tena pale tu ukuta unapoyaruhusu.

Dogo, kila ukifika sehemu ya mrija jiulize: ukuta huu unapitisha nini? Mrija wa kwanza unarudisha kama theluthi mbili ya chumvi na maji kwa pamoja, kwa hiyo ukolevu haubadiliki. Hapo usikae sana. Kaa kwenye kitanzi. Mkono unaoshuka unapitisha maji. Mkono unaopanda, ile sehemu nene, hauna milango ya maji inayoitwa akwaporini, lakini una pampu kali za chumvi. Chumvi inatolewa nje, maji yanabaki ndani. Ingekuwa maji yanaifuata palepale, medula isingekolea kamwe. Damu ina ukolevu wa miliosmoli 300 hivi. Ncha ya medula inafika hadi 1200.

Sasa urea. Mwili ukikaukiwa maji, karibu nusu ya hiyo 1200 ni urea, chumvi ni nusu nyingine. Homoni ya ADH, ile ya kuhifadhi maji, inafungua milango ya maji kwenye mrija wa kukusanyia, ule wa mwisho, maji yanatoka, urea inabaki inakolea kwa sababu ukuta wa juu hauipitishi. Ikifika chini kabisa inakuta milango yake, ambayo ADH hiyohiyo inaichangamsha. Inamwagika kwenye medula, nyingine inaingia tena kwenye kitanzi na kuzunguka upya. Na kwa kuwa urea ya nje inalingana na ya ndani, ile inayobaki kwenye mkojo inatoka bila kuburuta maji mengi. Na kwa kuwa urea inatokana na protini, mtu anayekula protini kidogo sana hawezi kukoleza mkojo vizuri.

Nesi_wa_Zamu:
Niongezee la wodini. Mgonjwa wa moyo amevimba miguu, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Anachomwa furosemaidi kwenye mshipa, na ndani ya nusu saa mfuko wa mkojo unaanza kujaa. Dawa hiyo inaziba pampu za chumvi za ule mkono mnene. Medula inapoteza ukolevu, maji hayana wa kuyavuta. Potasiamu nayo inapotea, kwa hiyo tunaifuatilia.

Jembe79:
Nimeelewa, mwalimu. Nashukuru kwa kunirekebisha.

Kada_Mtarajiwa:
Dada, nimekikata kitunguu kweli, na maji nimeyaona. Nimeandika upya, naomba mnisahihishie: "Urea inakusanywa medula kupitia ncha ya mrija wa kukusanyia, inaongeza ukolevu, na ADH ikiwepo mrija unasukuma maji kwenda medula, mkojo unakuwa mchache na mkolevu."

Mwl_Fizio:
Vizuri sana. Futa "mrija unasukuma maji kwenda", andika "maji yanafuata ukolevu hadi".

Kada_Mtarajiwa:
Nimefuta.