Tupeane uzoefu: kuvuka kwa feri kati ya Uingereza na Ulaya tangu Brexit

Mama Wawili (Leicester)

Wakuu, habari zenu. Juzi usiku nilikuwa mezani napanga safari ya kwenda Lille, Ufaransa, kwa dada yangu, nikatoa bahasha mbili: ya safari ya 2019 na ya safari hii. Ile ya 2019 ni nyembamba. Ndani mna nakala ya cheti cha ndoa, pasipoti yangu ya Tanzania, kibali changu cha kuishi Uingereza na tiketi za feri ya Dover kwenda Calais. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, sikulipia hata senti. Mume wangu ni Mwingereza, na wakati ule alihesabiwa raia wa Umoja wa Ulaya, kwa hiyo mke anayesafiri naye alipewa viza bure bila kuulizwa ana akiba gani benki.

Bahasha ya safari hii haifungiki. Taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima ya safari, barua ya mwaliko ya dada, na ada ya euro 90 (hadi Juni 2024 ilikuwa 80), mbali na malipo ya wakala anayepokea maombi. Mume ni yuleyule, ndoa ni ileile, maji ni yaleyale ya saa moja na nusu. Usiku wa 31 Desemba 2020 kipindi cha mpito cha Brexit, yaani cha Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, kiliisha, mume wangu akafutwa kwenye daftari la Ulaya, nami nikafutwa pamoja naye.

Sijaja kuuliza nani alipiga kura gani mwaka 2016. Naomba tuwekeane hapa yaliyotukuta, maana maelezo mengi yanayotolewa yanamlenga mtu mwenye pasipoti ya Uingereza anayekwenda likizo na familia ya pasipoti moja. Ndani ya gari letu tuna Mtanzania mmoja, Waingereza watatu, na mara nyingine shangazi mwenye pasipoti ya Uholanzi. Kila mmoja ana sheria yake, na gari ni moja.

Leteni: mlipita bandari gani, kwa karatasi gani, ikawaje.

Dereva wa Trela (Ashford)

Asante dada kwa uzi. Naendesha trela tangu 2011, kwa hiyo nimeiona kabla na baada.

Kabla ya 2021 nilikuwa nafika Dover, naonyesha pasipoti, napanda. Mzigo hakuna aliyeuuliza. Nyanya za Uhispania zilivuka mpaka wa Uingereza kama nyanya za Iringa zinavyokwenda Dar. Sasa hivi kabla hata sijawasha injini, kila boksi lina tamko la forodha, na matamko yote yamefungwa kwenye msimbo mmoja unaounganishwa na namba ya gari langu. Tukiwa katikati ya maji, skrini ya sebule ya madereva inaleta majibu. Kijani, unashuka na kwenda zako. Rangi ya chungwa, unaelekezwa sehemu ya ukaguzi.

Mara yangu ya kwanza kupata chungwa nilibeba mzigo mchanganyiko wa wateja kumi na kitu. Mmoja alikuwa na cheti cha daktari wa mifugo chenye kosa la tarehe. Moja tu. Nililala Calais kwa ajili ya jibini la mtu nisiyemjua, na wale wengine wote mzigo wao ukalala nami. Tangu siku hiyo sipakii kabla sijasoma kila karatasi mwenyewe.

Watu wakisikia Brexit wananiuliza kuhusu Desemba 2020, yale malori maelfu yaliyokwama Kent, mkoa wenye bandari ya Dover. Nilikuwemo. Lakini tuseme ukweli: Ufaransa ilifunga mpaka usiku wa tarehe 20 kwa sababu ya kirusi kipya cha korona, na uwanja wa zamani wa ndege wa Manston ukawa maegesho yetu hadi Krismasi. Wanavijiji na Masingasinga walituletea chakula cha moto, na sitawasahau. Nalitaja kwa sababu tulijifunza jambo pale: Dover ikisimama kwa siku mbili, Kent nzima inasimama.

Na kuna kitu wenye magari madogo hawakijui. Polisi wa Ufaransa wanaokagua pasipoti wako Dover kwenyewe, upande wa Uingereza, kwa makubaliano ya Le Touquet ya 2003. Ukishapita kwao unapanda meli, ukifika Calais unashuka moja kwa moja. Kwa hiyo foleni yote inajikusanya huku kwetu, na bandari imebanwa kati ya majabali meupe na bahari. Hakuna pa kuipanulia. Kuanzia 2021 kila pasipoti ya Uingereza ilikuwa inafunguliwa na kugongwa mhuri. Sekunde chache kwa mtu, zidisha kwa basi la watu hamsini, zidisha kwa mabasi yote ya likizo ya Pasaka. Pasaka ya 2023 kuna mabasi yalikaa pale usiku kucha.

Sasa umekuja ule mfumo wa Ulaya wa alama za vidole na picha ya uso, EES. Ulianza 12 Oktoba 2025, na pale Dover walianza na sisi wa malori na mabasi. Mara ya kwanza unasajiliwa, inachukua muda. Baada ya hapo usajili unadumu miaka mitatu. Ushauri wangu: kama unaweza, vuka Jumanne au Jumatano, alfajiri.

Mpwa wa Mjomba (Reading)

Nachangia kwa ufupi. Mjomba alirudishwa Portsmouth mwaka juzi, tulikuwa tunaelekea Caen. Pasipoti yake ya Uingereza ilionyesha bado ina miezi mitano. Hatukujua kuwa Ulaya sasa wanaangalia tarehe ya *kutolewa*: lazima iwe haijatimiza miaka kumi siku unayoingia, na baada ya siku ya kutoka ibaki miezi mitatu. Pasipoti zilizotolewa kabla ya Septemba 2018 zilikuwa zinaongezewa miezi iliyobaki kwenye ile ya zamani, yake ilikuwa mojawapo. Mzee ana miaka 71, alikaa kwenye benchi la bandari na kofia yake mapajani. Angalieni tarehe ya kutolewa, wala msiangalie ya kuisha peke yake.

Mwana wa Kisumu (Wexford, Ireland)

Habari zenu. Mimi Mkenya, niko huku Ireland mwaka wa kumi na sita, nafanya kazi ya uchukuzi. Ya huku ni tofauti na ya Dover, na nafikiri ndiyo inayoonyesha vizuri siasa inavyoweza kuhamisha meli.

Zamani mzigo wa kwenda Ufaransa ulipita Uingereza: Dublin hadi Holyhead kwa meli, unakata Wales na Uingereza kwa barabara, halafu Dover hadi Calais. Ilikuwa njia ya mkato ya kila mtu. Brexit ilipokamilika, njia hiyo ikawa inatoka Umoja wa Ulaya na kuingia tena, karatasi juu ya karatasi. Siku ya pili tu ya Januari 2021 meli ya moja kwa moja kutoka Rosslare hadi Dunkirk ikang'oa nanga. Inachukua kama saa 24. Kwenye ramani unaona ni ndefu, lakini dereva analala kitandani na anashuka akiwa bado ndani ya Ulaya ileile aliyotoka. Kabla ya hapo safari za moja kwa moja kwenda bara hazikufika 12 kwa wiki. Mwaka 2021 haukuisha kabla hazijapita 40. Rosslare ilikuwa bandari ya usingizi; leo ukipita usiku taa zinawaka gatini kama soko.

Holyhead wao walipoteza mzigo mwingi. Kisha Desemba 2024 dhoruba ikavunja gati lao, watu wakakosa kwenda nyumbani Krismasi. Kila aliyekuwa na njia ya pili alishukuru kuwa nayo.

Jambo moja kwa ndugu zetu: binamu yangu ni muuguzi Liverpool, ana pasipoti ya Kenya na kibali cha Uingereza. Aliambiwa na wenzake kazini kwamba meli ya Dublin haina habari ya pasipoti. Hiyo ni kwa raia wa Uingereza na Ireland wenyewe, kwa makubaliano yao ya tangu zamani. Pasipoti ya Kenya inahitaji viza ya Ireland, ndivyo ilivyokuwa kabla ya Brexit na ndivyo ilivyo leo. Bahati nzuri alinipigia simu kabla hajanunua tiketi.

Shangazi wa Sambusa (Colchester)

Mwaka 2022 mtoto wa dada yangu aliolewa Rotterdam. Nikakaanga sambusa za nyama 120, nikazipanga kwenye makontena, tukapanda meli ya usiku ya Harwich kwenda Hoek van Holland. Nilikuwa nimeivuka njia hiyo na vyakula miaka na miaka.

Asubuhi tuliposhuka afisa akaniuliza kwa upole kabisa kama nimebeba nyama au maziwa. Nikamwambia ndiyo, kwa fahari, ni za harusi. Akanieleza kuwa tangu Januari 2021 chakula chochote chenye nyama au maziwa kinachotoka Uingereza na abiria hakiingii. Akazichukua zote. Alikuwa kijana mdogo, na niliona hakupenda kufanya vile. Nililia garini, nasema wazi. Sikulilia unga na nyama. Mama yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na zile sambusa zilikuwa za mkono wake, nilizifanya kama alivyonifundisha Tanga.

Na sasa hata kurudi nayo ni marufuku: tangu Aprili 2025 Uingereza imezuia abiria kuleta nyama, maziwa na jibini kutoka Ulaya, kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Mwezi Mei mwaka huohuo serikali ya Uingereza na Umoja wa Ulaya walikubaliana kutafuta mapatano mapya ya chakula na mifugo. Nayasubiri. Kwa sasa nabeba bizari, iliki na mdalasini, nyama nanunua kulekule, nakaangia jikoni kwa wenyeji.

Mama Wawili

Pole sana shangazi. Nimesoma hii mara mbili.

Mukongomani wa Liège

Jambo bandugu. Miye niko upande wa pili wa maji, nilizaliwa Bukavu, ni raia wa Ubelgiji. Mdogo wangu anaishi London. Zamani, Ijumaa jioni ningeamua tu: natia watoto garini, twende. Kitambulisho cha Ubelgiji kilitosha, kile kidogo kinachokaa kwenye pochi. Tangu 1 Oktoba 2021 Uingereza hawakikubali tena kwa wageni kama sisi. Tuko sita nyumbani. Nililipa pasipoti sita ili tukaone ndugu mmoja.

Halafu tangu 2 Aprili 2025 tunaomba kibali cha mtandaoni, ile ETA. Ilianza kwa pauni 10, baada ya wiki moja tu ikawa 16, na mtoto mchanga naye analipa. Inadumu miaka miwili. Si pesa ya kumaliza mtu. Ila ile Ijumaa ya kuamua tu imeondoka, na mdogo wangu anajua. Zamani tulikuwa tunafika mara nne kwa mwaka. Mwaka jana tulifika mara moja.

Baharia wa Unguja (Hull)

Assalaam aleikum. Nimezaliwa Unguja, nimefanya kazi kwenye feri za Bahari ya Kaskazini miaka kumi na tisa. Mmezungumzia abiria na mizigo, acheni niwasemee wafanyakazi.

Tarehe 17 Machi 2022 mabaharia karibu 800 wa kampuni moja kubwa waliachishwa kazi siku moja, wengi kwa ujumbe wa video, na mawakala wakaleta watu wa mishahara ya chini. Mimi sikuwa kampuni hiyo, lakini niliokula nao chumvi melini walikuwemo. Watu walitumainishwa kuwa nje ya Ulaya sheria za kazi zitakuwa mikononi mwetu wenyewe. Iliyokuja kututetea ikachukua muda: sheria ya mishahara ya mabaharia ilipitishwa Machi 2023 na kuanza kazi Desemba 2024. Inadai kwamba meli inayotia nanga mara kwa mara bandari za Uingereza ilipe angalau kima cha chini cha nchi inapokuwa kwenye maji yake. Ufaransa nayo ilitunga yake 2023 kwa meli zinazovuka kati yake na Uingereza. Ni hatua, na ninaiheshimu, lakini saa za kazi na wiki za kukaa melini bila kwenda nyumbani bado ni suala.

Kuhusu kesho ya feri, nitawaambia nilivyoona. Njia ya Hull kwenda Zeebrugge ilifungwa mwanzoni mwa 2021. Korona iliiumiza, na mpaka mpya haukuisaidia. Mwaka 1973 ilikuwa kinyume chake. Uingereza iliingia Jumuiya ya Ulaya tarehe 1 Januari, na tarehe 2 wakulima wa Brittany, Ufaransa, walizindua meli yao ya Roscoff kwenda Plymouth ili wauze mboga zao. Kampuni hiyo ipo hadi leo. Kwa hiyo siwaamini wanaosema feri itakufa. Meli mpya za Calais ni kubwa kuliko za zamani, zina betri, na zina ncha mbili ili zisihitaji kugeuka bandarini. Hakuna anayejenga meli kama hizo kwa biashara anayoiona inakufa. Hofu yangu ni kwa abiria wa miguu na familia zenye kipato kidogo. Kila njia ikibanwa, hao ndio wanaotupwa kwanza. Nauli zinapangwa kwa lori na gari.

Dada mwenye uzi, utavuka lini?

Mama Wawili

Wa aleikum salaam kaka. Miadi ya viza ni wiki ijayo, tukijaliwa tunavuka likizo ya watoto ya Februari, Jumatano alfajiri kama dereva alivyoshauri. Nimeuliza habari ya EES: mimi mwenye viza vidole vyangu watakuwa tayari wanavyo, watachukua picha ya uso tu, mume atatoa vidole na picha, watoto bado hawajafika miaka 12, kwa hiyo picha pekee. Na hadi 10 Aprili 2026 mihuri na mashine vinakwenda pamoja. Baadaye mwaka huohuo wanategemea kuanza ETIAS, ruhusa ya mtandaoni ya kuingia Ulaya, ada ya euro 20 kwa wasiohitaji viza, maana yake mume na watoto nao wataomba ruhusa. Binti yangu ana miaka minane. Safari iliyopita aliniuliza kwa nini mama peke yake ndiye anaulizwa maswali dirishani. Safari hii ataulizwa na yeye.

Pasipoti zote nne nimezipanga mezani, nimeangalia tarehe za kutolewa. Ya mume ni ya Julai 2016, kwa hiyo inaingia kwa miezi michache tu. Anaomba mpya kesho. Asante mpwa wa mjomba.

Nikirudi nitaleta mrejesho.