Namba 12 tatu, viuno vitatu: mnanunua kwa saizi, kwa vipimo au kwa fundi?

Mwanahawa_T

Habari zenu wapendwa. Ninavyoandika hapa nina suruali tatu kitandani, zote zimeandikwa 12. Nimezifunga vifungo, nikazilaza bapa, nikapima kiuno pembe hadi pembe. Nyeusi ina sentimita 37, ya bluu 39 na nusu, ya kijivu 42. Ukizidisha mara mbili kupata mzunguko, kati ya nyeusi na kijivu pana tofauti ya sentimita 10! Na hiyo nyeusi na bluu ni za kampuni moja, mtindo mmoja, nilizinunua siku moja, rangi tu ndiyo iliyotofautiana. Ya bluu naivaa bila shida. Nyeusi zipu haipandi mpaka nilale chali nivute tumbo ndani.

Nilipoirudisha, muuzaji alinitazama toka juu mpaka chini akasema, "Labda umeongezeka." Sijaongezeka. Uzito wangu haujabadilika tangu nijifungue mtoto wa pili. Lakini nilitoka pale nimeinamisha kichwa, na siku mbili nzima nilikuwa nakula kwa kujinyima. Nimekuja kupima leo ndiyo nimegundua. Imeniuma sana kwamba niliamini namba ya kwenye lebo kuliko mwili wangu mwenyewe.

Sasa naomba tulinganishe. Njia ninazozijua ni kufuata namba na kujaribu dukani, kuagiza mtandaoni kwa jedwali la vipimo, kununua kubwa halafu fundi apunguze, au kushonesha kabisa. Ipi imewafaa na ipi imewaangusha? Maneno ya "jipende ulivyo" nashukuru, ila leo nataka mbinu.

MamaPacha

Pole dada. Mimi naagiza saizi mbili kwa mpigo, nabaki na inayonikaa, nyingine narudisha. Inafaa pale tu ambapo kurudisha ni bure. Wakikukata nauli ya mzigo, hesabu inakuwa mbaya. Na kufunga vifurushi kila wiki kunachosha.

FundiMariam

Mwanahawa, kabla ya kufungua cherehani zangu nilifanya kazi kiwandani kwenye meza ya kukatia, kwa hiyo hizo suruali zako mbili nazielewa vizuri.

Kampuni haitengenezi nguo kwa kila saizi peke yake. Wanachagua saizi moja ya msingi, wanamtafuta mwanamke mmoja wa kujaribishia, na patani, yaani vipande vya karatasi vya kukatia nguo, inarekebishwa juu ya mwili wake mpaka ikae. Zilizobaki zinapatikana kwa kuongeza au kupunguza sentimita kadhaa kila hatua. Kampuni ya pili ina mwanamke wake wa kujaribishia, labda mwenye nyonga pana na kiuno chembamba, au mwenye kiwiliwili kirefu. Kwa hiyo ukisema "mimi ni 12" maana yake unafanana na mwanamke fulani usiyemjua, na kila kampuni ina wa kwake.

Halafu kukata. Kitambaa kinatandazwa tabaka juu ya tabaka, kinakatwa kwa pamoja kwa kisu cha umeme. Mrundo ukiwa mnene na kisu kikainama kidogo tu, kipande cha juu na cha chini havilingani. Ukija mshono, mshonaji akila milimita mbili zaidi kila upande kwenye mishono minne, umepoteza sentimita moja na nusu bila mtu kuona. Wakaguzi nao wana kiasi cha kosa wanachokiruhusu. Suruali inaweza kupungua sentimita moja kiunoni na bado ikapita, mwenzake ikazidi sentimita moja na ikapita vilevile.

Sasa rangi. Nyeusi na bluu ni majora tofauti, mara nyingi yametiwa rangi kwa njia tofauti na kufuliwa tofauti kabla ya kufika dukani. Jinzi hasa, kila namna ya kuifua inaivuta kwa kiasi chake. Ndiyo maana huwa nawaambia wateja wangu kwamba ukishajaribu nyeusi ikakukaa, usichukue ya bluu bila kuijaribu.

Kuhusu kununua kubwa na kupunguza: kiunoni inawezekana, mabegani usithubutu. Begani nguo ikae sawa tangu dukani, kwa sababu kuirekebisha pale ni kuifumua na kuishona upya. Kwa suruali nunua inayokaa nyongani na mapajani, kiuno niachie mimi. Lakini usiniletee iliyozidi saizi tatu, mifuko ya nyuma itakutana katikati na msamba utaning'inia. Kuongeza ni kugumu zaidi. Juzi nilifumua sketi ya mteja nikakuta wameacha sentimita moja tu ndani ya mshono. Pa kutolea hapakuwepo.

Jicho_la_Nyuma

Niongezee historia, maana wengi tunadhani namba hizi zina msingi wa kisayansi uliopotea tu njiani.

Marekani walijaribu kweli. Mwaka 1939 na 1940 Ruth O'Brien na William Shelton, wa Wizara ya Kilimo ya huko, waliongoza kazi ya kupima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59. Matokeo yakachapishwa 1941. Ila waliotumika kwenye hesabu ni wanawake weupe tu, na waliojitokeza walikuwa wa kujitolea wakilipwa kiasi kidogo. Kwa hiyo tangu mwanzo "mwanamke wa kawaida" alikuwa kundi moja tu la wanawake. Kiwango rasmi kikatoka 1958, kikalegezwa miaka ya 1970, na 1983 kikafutwa. Tangu hapo kila kampuni ina jedwali lake. ASTM, shirika la viwango la huko, ilitoa jedwali jipya mwaka 1995, lakini ni la hiari.

Tazameni namba 8. Katika kiwango cha 1958 kiuno chake kilikuwa inchi 23 na nusu. Katika jedwali la 1995 namba hiyohiyo ina kiuno cha inchi 27. Wauzaji waliona mteja akiingia kwenye namba ndogo anafurahi na ananunua, wakaendelea kupanua nguo huku namba ikibaki palepale. Mimi nina gauni la marehemu mama lenye lebo ya 14, na linanikaa mimi ninayevaa 8 siku hizi. Nililishika nikalia kidogo, maana mama alikuwa akijiita mnene maisha yake yote.

Wanaoshona kwa patani za karatasi wanalijua hili pia. Patani za zile kampuni kubwa za Marekani hazikufuata mkondo huo, na 12 yao bado ni kifua inchi 34, kiuno 26 na nusu, nyonga 36. Ukikata patani kwa namba unayovaa dukani, nguo haitakuingia.

Mrefu_Kiasi

Asante Jicho, na pole kwa mama. Mimi natetea vipimo, kwa sababu kuna nchi ambazo lebo inasema kitu cha kueleweka.

Ukikuta nguo ya China imeandikwa 160/84A, usiipite. 160 ni kimo, 84 ni kifua, kwa sentimita, na A inakuambia kiuno kimepungua sentimita 14 mpaka 18 kuliko kifua. Y ni mwenye kiuno chembamba zaidi, B na C wanaelekea kunyooka. Kwenye suruali namba ya pili ni kiuno. Japani nao wana mfano 9AR: 9 ni kifua cha 83, A ni nyonga za wastani, R ni kimo cha 158. Ulaya walikubaliana kiwango cha EN 13402 kuanzia 2001, lebo iwe na kijipicha cha mwili na sentimita zake, lakini hakuna aliyelazimishwa na maduka mengi yakabaki na namba za zamani. Hata Ujerumani namba ilikuwa na hesabu: nusu ya kifua toa 6, kwa hiyo kifua cha 88 ni 38.

Wanunuzi wa mitumba shikeni hii, maana kwenye rundo moja lebo zinatoka kila pembe ya dunia. 12 ya Uingereza ni takriban 8 ya Marekani, 38 ya Ujerumani, 40 ya Ufaransa, 44 ya Italia. Mtu akiona 44 anaitupa kando kumbe ni yake.

Tangu nianze kusoma sentimita badala ya namba, nguo ninazorudisha zimepungua sana. Mimi ni mrefu, na kwenye nguo nyingi namba haisemi lolote kuhusu urefu wa mguu wala wa mkono.

Sketi_Ndefu

Mrefu, nakuheshimu lakini jedwali limeniangusha mara nne. Tatizo ni hili: jedwali moja linaandika vipimo vya mwili, lingine linaandika vipimo vya nguo yenyewe, na mara nyingi hawakuambii ni lipi. "Kiuno 76" ikiwa ni mwili wako, suruali itakuwa na nafasi kidogo ya kupumulia. Ikiwa ni suruali yenyewe, na kiuno chako ni 76, utakaa nayo mezani dakika kumi ufungue kifungo. Gauni la kitambaa kisichovutika lazima lizidi kifua chako kwa sentimita kadhaa, vinginevyo hutainua mkono. La kitambaa cha kuvutika linaweza kuwa dogo kuliko mwili na likakaa vizuri tu. Jedwali moja haliwezi kusema yote mawili.

Njia yangu haimo kwenye orodha ya Mwanahawa: pima nguo yako, usipime mwili wako. Chukua ile suruali unayoipenda kuliko zote, ile unayoisaka kabatini kila asubuhi. Ilaze bapa, nyoosha mikunjo kwa kiganja. Pima kiuno, kisha nyonga pale palipo papana zaidi, kisha paja, sentimita mbili chini ya msamba. Pima kutoka kiunoni mpaka msambani kwa mbele, halafu kwa nyuma. Mwisho urefu wa ndani ya mguu. Andika kwenye simu. Ukienda dukani beba futi kamba, ukiagiza mtandaoni muulize muuzaji akupimie hizo sita. Asiyekubali kupima, simnunulii.

Hicho kipimo cha kiunoni mpaka msambani watu hawakijali, na ndicho kinachofanya suruali ikukate ukikaa hata kama kiuno ni sawa.

Bi_Sidiria

Kwa haraka tu: kwenye sidiria msishangae. Mkanda wa 34 wa Uingereza ni 75 sehemu nyingi za Ulaya na 90 Ufaransa. Na mkanda ukipanda hatua moja, herufi ya kikombe ishuke moja: 34C na 36B vikombe vinalingana ukubwa.

Mwajuma_Mpana

Nimesoma yote na nashukuru, ila mbona hakuna aliyetugusa sisi wa saizi za juu?

FundiMariam amesema patani inaongezwa sentimita kila hatua kutoka saizi ya msingi. Huko mwanzoni inakwenda. Ikifika kwangu, hatua ya saba au ya nane, wameongeza kila mahali kana kwamba mifupa nayo imenenepa. Bega langu ni la mtu wa kawaida, lakini blauzi inayoingia kifuani mwangu inaangukia nusu ya mkono. Tundu la mkono linashuka mpaka ubavuni, ukinyanyua mkono blauzi yote inapanda. Wakati huohuo mkono wenyewe unabana pale juu. Nguo moja, inapwaya na kubana kwa pamoja. Nimesimama vyumba vya kujaribia nikiwa nimekwama nguo kichwani, naogopa kuita mtu.

Hispania serikali iliwahi kupima wanawake 10,415, mwaka 2008 matokeo yakatoka, wakasema kuna maumbo matatu: silinda, kengele, na lile la juu papana, katikati pembamba, chini papana. Mimi ni kengele. Hakuna kuongeza sentimita sawasawa kutakakonigeuza silinda.

Kwangu jibu ni kushonesha, basi. Si kila nguo. Suruali mbili za kazi na magauni mawili, yameshonwa kwenye mwili wangu, na patani fundi wangu ameitunza na jina langu juu. Nikitaka lingine napeleka kitambaa tu, hata kupimwa sipimwi. Fulana na sweta nanunua, hizo zinasamehe.

FundiMariam

Mwajuma, umesema kweli. Nyote wenye umbo hilo mwambieni fundi achukue upana wa mgongo, bega hadi bega, kabla ya kifua. Wengi wetu tunaanzia kifuani kwa mazoea, na hapo ndipo tunapoharibu.

Mwanahawa_T

Nimerudi. Nimefanya kama alivyosema Sketi_Ndefu, kwa suruali yangu ya zamani ya kahawia ambayo imechakaa magotini na siwezi kuitupa. Kiuno 40, nyonga 52, paja 31, mbele 27, nyuma 37, mguu 76. Nikazipanga na zile tatu. Ya bluu imepishana nayo nusu sentimita kiunoni, kwingine kote sawa. Ya kijivu nyonga na paja ziko sawa, kiuno tu ndicho kimezidi, kwa hiyo inakwenda kwa fundi. Nyeusi ni ndogo kila mahali, hata paja ni 29. Kumbe nimekuwa nikililaumu tumbo langu wakati suruali yote imekatwa ndogo.

Kwa hiyo kwangu ni kupima nguo kwanza, fundi wa pili. Jedwali nitalisoma ila nitauliza. Fundi, hiyo nyeusi inaokoleka?

FundiMariam

Ikiwa paja limepungua hivyo, hapana mdogo wangu. Kiuno ningekutilia kabari ya kitambaa nyuma katikati, lakini paja halina pa kutokea. Irudishe tena dukani, nenda na ya bluu mkononi, zilaze zote mbili juu ya kaunta mbele ya yule muuzaji, upime.